Uchungu Gani?

Daktari aliweka kile chombo chake kifuani pangu, akasikiliza, akakihamishia mgongoni, akasikiliza tena, kisha akasema ndani yangu kunapiga mluzi kama birika. Ni moshi wa kuni, alisema. Kama ninataka kuwaona watoto wangu wakimaliza shule, nitoke jikoni. Ndivyo nilivyostaafu kabla sijaota mvi hata moja. Watu wakinikuta mjini Kisii mchana wa siku ya kazi wanadhani nimefukuzwa, nami sina pumzi ya kumweleza kila mmoja.

Ninyi mliobaki jikoni mliniomba niwaachie maandishi kuhusu kuwalisha wagonjwa wa mdomo, wale ambao kila kitu kinawachoma au hakina ladha inayoeleweka. Nimeanza kazi hii mara nyingi na kuchana karatasi mara nyingi. Mnanijua. Mtu anayeonja mchuzi mpaka unapoa ataandikaje ukurasa akauacha ulivyo? Leo nimechoka kuchana. Nitaandika mambo yalivyofuatana, na mkikuta kosa, mlirekebishe ninyi.

Nilikuja hospitali yetu miaka ya mwanzo ya uhuru, nikitoka upande wa ziwa, bila cheti chochote. Sikufundishwa upishi na mtu. Nilikuwa nikiosha sahani katika hoteli moja ndogo, na kila mpishi alipogeuka nilikuwa nikimtazama mikono. Nyumbani nilijaribu nilichokiona, nikaunguza, nikajaribu tena. Hiyo ndiyo shule yangu. Mpaka leo nikikutana na mpishi aliyesoma chuoni, natamani kuficha mikono nyuma.

Aliyenipokea ni Mama Nyaboke, mpishi mkuu wa wakati ule, mwanamke wa Kisii mwenye sauti nzito na kovu refu la uji wa moto kwenye mkono wa kushoto. Hakuniuliza nimesomea wapi. Alinipa mwiko akasema, "Maharagwe ya wodi ya akina mama ni yako. Yakiiva niite."

Nilitia chumvi. Kisha nikaogopa kwamba sikutia, nikatia tena. Halafu nikasimama pale nikijiuliza kama ile ya pili niliitia kweli au niliifikiria tu, na kwa usalama nikaongeza kidogo. Bakuli zilirudi zimejaa. Dirisha la wodi lilikuwa linatazamana na jikoni, nami nikasikia kila neno.

"Chumvi imezidi! Nani huyo ametupikia bahari?"

"Ni yule Omogere mpya." Omogere ndilo jina ambalo Wakisii wanatuita sisi watu wa ziwani. "Kwao maji ni mengi. Amesahau sisi tunateka kisimani."

Wakacheka mpaka mmoja akashika mshono wake. Ziwa letu halina chumvi, lakini sikuwa na ujasiri wa kwenda dirishani kuwaambia.

Kuanzia siku ile niliishi na hofu ya maneno mawili: chumvi imezidi. Nilionja kila sufuria kabla ya chumvi, baada ya chumvi, na baada ya kuepua. Nililala nikiwa na ladha ya mchuzi wa watu wengine ulimini. Mama Nyaboke alivumilia kwa muda, kisha akaniambia mbele ya wote, "Ouma, sufuria inapungua. Ukimaliza kuonja, wagonjwa watakula nini?"

Nilijifunza mengi kwake, na karibu yote yalikuwa ya mikono. Kwamba wimbi, ile nafaka ya uji wa wagonjwa, husagwa mara ya pili kwenye jiwe hata kama imetoka kinuni. Kwamba uji wa mtu mwenye vidonda mdomoni huchujwa kwa kitambaa cha marikani kilichochemshwa, na usiukamue kwa nguvu, maana chembe ukizilazimisha zitapita. Kwamba chinsaga, ile mboga chungu ya Wakisii, haitaki haraka: inachemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa, inatiwa maziwa, inaachwa kwenye moto mdogo, kesho yake inatiwa maziwa tena, mpaka ukali wake unalainika. Mimi niliimwaga maji mara nyingi kuliko yeye. Nilitaka chinsaga isiyo na uchungu hata kidogo. Aliionja akasema, "Hii sasa ni nini? Nyasi?"

Wagonjwa wa mdomo walikuwepo tangu mwanzo: watoto wenye utando mweupe ulimini, watu waliong'olewa meno. Lakini miaka ya sabini ilipoanza, wakaanza kuja wa namna nyingine. Hawa walikuwa na uvimbe wa taya au wa shingo, wamepelekwa Nairobi wakachomwa kwa mashine ya miale, na wakarudishwa kwetu wapumzike kabla ya kumalizia. Ngozi ya ndani ya midomo yao ilikuwa imechubuka kama goti la mtoto. Mate yalikuwa yamewakauka. Sista Yunes, aliyesimamia wodi, alikuja mwenyewe jikoni kunieleza. Wasukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo kabla ya kula na baada ya kula. Hakuna pilipili, limau wala nyanya. Hakuna kitu cha moto sana. Hakuna kitu kikavu chenye kona. Alisema vizuri na kwa ufupi, nami nikayashika.

Nikaanza kubuni. Ndizi mbivu nilizisaga ndani ya maziwa. Malenge niliyachemsha, nikayachuja, nikatia siagi. Mayai niliyapika yakabaki laini yakitetemeka. Viazi vitamu nilivilegeza kwa mchuzi wa kuku. Nawaambia ukweli, nilijivuna. Kwa mara ya kwanza ile hofu yangu ilikuwa na kazi ya kufanya. Mdomo uliochubuka unamtaka mtu mwenye wasiwasi. Chembe moja ikipita kwenye chujio mgonjwa atalia, na mimi ndiye mtu asiyepitisha chembe.

Ndipo akaja Kwamboka.

Alikuwa mama wa makamo aliyewauzia ndizi wenye malori pale Keroka, na aliizoea kazi hiyo kiasi kwamba hata kitandani aliongea kama anayeshindana na injini. Uvimbe ulikuwa chini ya taya. Nairobi walikuwa wamemchoma nusu ya alivyopaswa kuchomwa, mdomo ukafunguka vidonda, akakonda, wakamrudisha. Daktari wetu alimwambia wazi, mimi nikiwa mlangoni na sinia: akipata nguvu na mwili kidogo, atarudi Nairobi kumalizia. Akiendelea kukonda, hawatampokea, kwa sababu mashine ile haichomi mtu aliyebaki mifupa. Na uvimbe ulioachwa nusu hauna subira.

Kwamboka alinigeukia. "Umesikia, mtoto wa ziwa? Kumbe daktari wangu ni wewe."

Alikuwa anatania. Mimi sikulala vizuri tena.

Shida ya kwanza ilikuwa mrija. Kijiko kilimgusa vidonda, kwa hiyo nilikata mabua ya majani ya maboga, yale yenye uwazi ndani, nikayamenya ngozi ya miiba, nikayaosha, nikamletea uji uliochujwa ndani ya kikombe kirefu, bua likiwa limesimama katikati. (Msitumie bua la mpapai. Lina utomvu. Nililionja mwenyewe.) Nilifikiri atafurahi. Alilitazama lile bua kama nimemletea nyoka.

"Hiyo ni nini?"

"Mrija, Mama. Unanyonya uji bila kugusa vidonda."

"Mimi ni Msabato, nimebatizwa mtoni," akasema. "Unataka mchungaji aingie hapa anikute nanyonya mrija kama wazee kwenye chungu cha pombe?"

Wodi nzima ikageuka. Mimi kwetu niliona wazee wakinywa pombe kwa mirija mirefu, na yeye kwao aliona vilevile. Kati ya watu wote pale, ni mimi peke yangu ambaye sikuyaunganisha mambo hayo mawili.

"Lakini ni uji," nikasema.

"Hata wao husema ni uji."

Sista Yunes, naye Msabato, ndiye aliyetuokoa. Alichukua bua jingine, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji, akanyonya huku amesimama wima katikati ya wodi na kofia yake nyeupe kichwani. "Kama ni dhambi," akasema, "tutaungama pamoja Sabato." Kwamboka akacheka mpaka akashika shavu kwa maumivu. Kisha akanywa.

Vidonda vikaanza kufunga. Sista alimulika mdomo kwa tochi akaniambia ngozi inarudi. Basi nikangoja mwili urudi pia. Haukurudi. Bakuli zilikuja zimeguswa juu tu, kama kuku amepita. Kila nilipomwuliza, jibu lilikuwa moja, katika Kiswahili chake cha sokoni.

"Ni uchungu, mpishi. Mdomo iko na uchungu."

Mimi nikasikia maumivu. Nikarudi jikoni nikalainisha zaidi. Nikaondoa chumvi yote. Nikapunguza maziwa nikidhani yanamkereketa, nikaongeza maji. Nikachuja mara mbili. Nikapooza zaidi. Kila siku chakula changu kilizidi kuwa si kitu, na kila siku nilikileta kwa uangalifu zaidi. Ndugu zake walimletea mkate, akaushika mkononi mpaka ukakauka. Mizani ya wodi ilishuka. Daktari hakusema kitu, akaandika tu, na nilichukia kule kutosema kwake kuliko kama angenitukana.

Nitawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu. Asubuhi moja nilichelewa kupeleka sinia kwa makusudi, ili nisiuone uso wake akiifunua. Nilikuwa nimechoka kushindwa. Mtu akiwa na tabia kama yangu, mgonjwa asiyekula anaanza kuonekana kama mtu anayekukosoa. Nilimkasirikia mama wa watu kwa sababu ya bakuli.

Mama Nyaboke aliniona nimesimama na sinia pale mlangoni, akaichukua mkononi mwangu. "Njoo," akasema. Tukaenda wote.

Aliketi kitandani kwa Kwamboka wakaanza kuongea lugha yao, Kiekegusi, haraka, na mimi nikishika neno moja na kuachwa na kumi. Kisha akanigeukia.

"Anasema ni uchungu."

"Najua, Mama. Ameniambia tangu mwezi uliopita."

"Uchungu gani?"

"Wa vidonda."

"Ulimwuliza?"

 Kwamboka akanyoosha kidole kwenye sinia, kwenye kijiko changu cha bati kilichong'arishwa kwa majivu mpaka unajiona usoni.

"Vidonda vimekwenda zamani," akasema. "Ni uchungu wa kuonja. Hiyo kijiko yako, mtoto wa ziwa, ni kama kulamba jembe. Ndizi ni jembe. Maziwa ni jembe lililolala kwenye mvua. Nyama ndiyo mbaya zaidi, ni kama kumeza kufuli. Na wewe kila siku unaniletea maji ya jembe, umeyachuja vizuri sana."

Wanawake wa vitanda vya jirani walijifunika vinywa kwa mashuka. Mama Nyaboke hakujifunika.

Nimelifikiria neno lile kwa miaka. Kiswahili kilichotukutanisha, yeye Mkisii na mimi Mjaluo, si cha mama yake wala cha mama yangu. Sote tulilipokea neno moja na kulitumia bila kutazama kilicho chini yake. Kidonda kina uchungu na shubiri ina uchungu. Kwetu, neno la kitu kichungu ni lilelile la njaa: kech. Laiti angesema kwa lugha yangu, ningesikia njaa, na nisingekuwa mbali na ukweli.

Sikuomba radhi vizuri. Nilisema kitu kama "sawa, Mama," nikabeba sinia, na nilipofika jikoni nikakaa juu ya gogo la kuni mpaka Mama Nyaboke akaniuliza kama moto utajiwasha.

Basi tukaanza upya, na haya ndiyo mliyoniomba. Kwanza tuliondoa chuma. Kikombe cha bati kikawa kibuyu kidogo kilichokatwa, kijiko kikawa cha mti, na sufuria iliyochubuka ikaachwa. Sista akaongeza kwamba asukutue hasa kabla ya kula, ili ulimi uanze safi. Nyama ikatoka, yakaingia mayai, maharagwe yaliyopondwa na njugu zilizosagwa. Chakula tuliendelea kukipooza, kwa sababu mvuke ndio unaoleta ile harufu ya chuma puani kabla hujala. Sasa kwa kuwa vidonda vimefunga, nilirudisha chumvi kidogo, na maziwa lala yaliyoganda kibuyuni, ambayo ukali wake unakata ile ladha ya jembe. Kidogo, mara nyingi, badala ya bakuli kubwa la kumtisha mtu. Na jambo lililonigharimu zaidi: kumwuliza, na kuliamini jibu lake kuliko ulimi wangu. Siku moja viazi vilipita. Kesho yake viazi vilikuwa jembe, na uji ukapita. Hakuna kanuni. Nilitamani sana kuwe na kanuni.

Alikula, lakini kama mtu anayelipa kodi. Mizani ilisimama. Haikushuka, haikupanda.

Kisha siku moja nikaja na sinia, Kwamboka akaniuliza, "Kule jikoni kunanuka nini?"

"Ni chinsaga, Mama. Ya wafanyakazi. Mama Nyaboke ameinunua soko la Nyakoe."

"Niletee."

"Hiyo ni chungu."

"Si ndiyo nasema. Lete."

"Ngoja basi niimwage maji tena, niongeze maziwa, nita—"

"Ouma." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Usiitengeneze. Niletee ilivyo."

Nilimletea ilivyo, imelegea kwa moto wa jana na maziwa, na donge dogo la ugali wa wimbi. Nilisimama pale nikiwaza vidonda, nikiwaza Sista, nikiwaza mizani. Alimega, akachovya, akatia mdomoni akafumba macho. Alitafuna muda mrefu, maana mate yalikuwa machache. Nikampa maji. Akameza.

"Hii ni chinsaga," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Hapana, hunielewi. Ndizi inaniambia mimi ni ndizi, halafu inakuwa jembe. Maziwa yananidanganya, hata uji wako unanidanganya. Hii ilisema itakuwa chungu, na ni chungu. Ni ileile ya nyumbani." Akamega tena.

Aliimaliza. Aliomba nyingine. Nilikuwa nimetumia miaka nikiuondoa uchungu kwenye mboga ile, na sasa niliipika nikiulinda. Pamoja na chinsaga vikaingia vingine vilivyojificha nyuma yake: yai lililovurugwa ndani, njugu zilizosagwa, siagi. Alijua, akaniacha niamini kwamba hajui. Mizani ikapanda kidogo, kisha ikapanda tena. Daktari akaandika, na safari hii akasema: Nairobi.

Waliondoka asubuhi, yeye na kaka yake, na kifurushi cha mabua ya maboga ambacho hata mimi nilijua kitanyauka kabla ya Nakuru. "Huko wakinipa kijiko cha chuma," akasema, "nitawaambia nina mpishi wangu."

Sasa sikilizeni vizuri, maana sitaki mdhani kila hadithi ya jikoni huenda hivyo. Wengi tuliowapelekea sinia hawakurudi. Wengine waliuona ujanja wetu wote, wakageukia ukuta. Mwaka mmoja nilimpikia mzee wa Magwagwa kila kitu ninachokijua, chinsaga ikiwemo, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, pumzika." Kazi hii inachosha mahali ambapo usingizi haufiki, na kama mmeshaanza kuuhisi uchovu huo, hamna kasoro. Mimi nilidhani ni kasoro.

Miezi mingi ilipita bila habari ya Kwamboka. Sikuuliza. Nilipita Keroka mara moja ndani ya basi nikageuza uso upande wa pili, nisione kama mahali pake pana mtu.

Kisha mchana mmoja nilikuwa nimeinama juu ya sufuria kubwa ya maharagwe ya wodi ya akina mama. Nilikuwa nimeonja kabla ya chumvi, baada ya chumvi, na nilikuwa najiandaa kuonja tena, nikasikia sauti mlangoni iliyozoea kushindana na injini.

"Bado unaonja tu, mtoto wa ziwa?"

Alikuwa amevaa kitambaa kichwani, shingo imekuwa nyeusi upande mmoja pale mashine ilipochoma, na mkungu wa ndizi begani kama mtu aliyeshuka sasa hivi kutoka sokoni. Alikuwa amepata shavu. Niliona hilo kwanza. Akautua mkungu, akapita mbele yangu bila kuomba ruhusa, akatwaa kijiko changu kilekile cha bati, akakichovya, akapuliza, akaonja.

 Mama Nyaboke aliacha kumenya.

Kwamboka alikunja uso. Akaonja tena kuhakikisha. Kisha akanitazama kwa masikitiko makubwa.

"Ouma," akasema, "chumvi imezidi."

Nikageukia ukuta nikajifanya moshi umeniingia machoni. Mama Nyaboke akaniambia niache mchezo, moto wenyewe ulikuwa umeshazimika.